Kipimo kimesema nyanya zenye unga mweupe ni salama ila mchicha wangu mwenyewe ndo una sumu, nielewesheni

mamaNasra
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisaidie hili maana mume wangu ananicheka tangu juzi.

Iko hivi, nyanya za huku kwetu Tabata msimu huu zinakuja na unga mweupe unaoelekea ubluu hivi, zaidi pale kwenye kikonyo, ukishika vidole vinabaki na chaki. Mama wa genge nikimuuliza anasema ni dawa tu mwanangu, osha ule. Sasa nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne namsagia kila kitu, nikaingiwa na hofu, ndo nikakutana na tangazo la kidude cha kupima sumu kwenye matunda na mboga. Kipo kama kalamu nene kina sindano mbele, unachagua jina la tunda kwenye kioo, unachoma, unasubiri sekunde kadhaa kinakuletea namba na rangi. Kijani salama, njano kula kwa tahadhari, nyekundu usile. Nikatoa laki na themanini hela yangu ya mchezo.

Kimefika. Nikachoma nyanya ileile yenye chaki bila hata kuosha, KIJANI. Embe kijani. Tikiti kijani. Nikaenda kwenye mchicha wangu niliopanda mwenyewe kwenye viroba nyuma ya nyumba, haujawahi kuona dawa toka uote, mbolea yake ni samadi ya kuku wa jirani basi, nikachoma kwenye bua, NYEKUNDU, namba elfu 3 na kitu. Nimerudia mara nne majibu ni hayohayo.

Sasa nauliza, kidude kimeharibika au mimi ndo sijui kukitumia? Na kama ni kibovu mtu wa kawaida nyumbani anapimaje dawa kwenye matunda?

Chalii wa Ngulelo
Mchicha umesingiziwa huo, utafutiwe wakili 😂😂

MzeeKemia
Dada mama Nasra hicho kidude hakipimi dawa kabisa. Kinapima nitreti, ile chumvichumvi ambayo mmea unainyonya kutoka kwenye udongo na mbolea, na kusema ukweli hata hiyo nitreti yenyewe hakiioni, kinapitisha umeme kidogo kwenye ile sindano kinaangalia maji ya ndani ya tunda yanapitisha umeme kiasi gani, halafu kinakisia nitreti kwa kulinganisha na tunda ulilochagua, ndo maana kinakulazimisha uchague jina kwanza. Dawa ya wadudu iliyobaki juu ya ganda la nyanya haibadilishi umeme wa nyanya hata kidogo. Ungeweza kuichovya kwenye bomba la mkulima la kupulizia dawa ukaichoma na bado ikakuandikia kijani.

Mchicha sasa. Mchicha, spinachi, figili na mboga nyingi za majani zina kawaida ya kuhifadhi nitreti kwenye mabua, na wewe umezilisha samadi ya kuku ambayo ina naitrojeni nyingi, hiyo elfu 3 wala hainishangazi. Sio sumu ya dawa. Mtoto wako kashavuka miezi 6 ya mwanzo ambayo nitreti ndo inaogopwa zaidi, we mpikie tu, ila mchicha uliopikwa asubuhi usiuache mezani mpaka usiku ndo umpe, vijidudu vinageuza nitreti kuwa nitraiti na hiyo ndo mbaya.

Kama huniamini fanya hivi: kata kipande cha nyanya, choma, soma namba. Nyunyizia chumvi ya mezani, subiri dakika tano, choma palepale. Chumvi haina nitreti wala dawa ya wadudu. Rudi utuambie.

Kuhusu kupima dawa yenyewe nyumbani, hakuna kidude cha namna hiyo na ngoja nikueleze kwa nini, nimefanya kazi maabara miaka kadhaa. Ulaya kwa dawa ambayo hawajaiwekea kiwango chake wanatumia kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ya dawa kwenye tani 100. Chukua fuso kumi zimebeba tani kumi kumi za nyanya, tawanya gramu moja humo, halafu uitafute. Ndo tunachofanya. Sampuli inakuja angalau kilo moja, nyanya zisizopungua kumi kutoka sehemu tofauti za mzigo, maana nyanya moja inaweza kuwa imelowa dawa na mwenzake wa tawi la chini haina kitu. Hatuoshi. Ndizi inasagwa na ganda lake japo hakuna anayelila, watu hushangaa hapo. Tunasaga kila kitu, tunapima gramu 10, tunatia mililita 10 za asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia dawa, tunatikisa, tunatia chumvi na magnesiamu salfeti ili maji yajitenge na asetonitraili, dawa zinapanda juu na asetonitraili, tunasafisha kidogo rangi na sukari, ndo inaingia kwenye mashine. Njia hiyo inaitwa QuEChERS, ilitangazwa 2003, kabla ya hapo sampuli moja ilikuwa inakula siku nzima na chupa za kemikali. Mashine inatenganisha dawa moja moja halafu inazipima uzito wa vipande vyake, kwa mkupuo mmoja unaweza kutafuta mamia ya dawa.

Halafu cheka kidogo: huo unga mweupe wako kwa njia hiyo HAUONEKANI. Nina uhakika wa asilimia kubwa ni mankozebu, dawa ya ukungu. Haiyeyuki kwenye vimiminika vya kawaida na ukiisaga na nyanya ile asidi ya nyanya inaanza kuivunja palepale. Kwa hiyo nyanya za kutafutia mankozebu hazisagwi, zinakatwa vipande vikubwa harakaharaka, zinachemshwa kwenye chupa iliyofungwa pamoja na asidi na kloridi ya bati, mankozebu inavunjika inatoa gesi ya kaboni disulfaidi, tunapima gesi. Na bado gesi hiyohiyo inatolewa na dawa zote za ukoo huo, sasa ni ipi imepigwa mashine haikwambii. Kabeji nayo inatoa gesi hiyo kiasili bila kupigwa chochote, mtu asiyejua anaweza kufungia shamba la kabeji bure.

Mkulima_Ilula
Shikamoo mzee Kemia, umeongea vitu vya kweli. Mimi nalima nyanya huku Ilula Iringa mwaka wa tisa, ngoja niseme upande wetu.

Mama Nasra huo weupe ni dawa ya baka jani, hakuna nyanya ya masika bila hiyo, mvua ikinyesha siku mbili na ukungu ukatua asubuhi usipopiga wiki hiyo unakuta shamba limeungua kama limemwagiwa maji ya moto. Inakaa juu ya ganda kama chokaa, ndo kazi yake, haiingii ndani. Hiyo ukiosha kwa kusugua inatoka sehemu kubwa. Mimi kwa upande wangu siogopi inayoonekana. Dawa za wadudu nyingi hazina weupe. Toka kantangaze aingie, yule mdudu anayetoboa nyanya, hapa nchini alionekana 2014 kule Ngarenanyuki Arusha akashuka kote, mtu anapiga dawa ya kunyonywa na mmea inaingia mpaka ndani ya tunda, nyanya inang'aa safi kabisa unaisifia sokoni.

Na tatizo lenyewe liko hapa, sikilizeni vizuri. Nyanya haivunwi mara moja kama mahindi. Ikianza mchumo unachuma kila siku ya tatu au ya nne mpaka shamba liishe, mwezi mzima na zaidi. Sasa lebo ya dawa inasema usivune mpaka zipite siku 7, nyingine 14. Ukiipiga katikati ya mchumo maana yake unaacha michumo miwili mpaka minne ioze shambani. Kantangaze hasubiri. Fuso ya dalali haisubiri. Siku bei imepanda dalali anapiga simu saa tatu usiku, kesho alfajiri nakuja na kreti 80, wewe jana umetoka kupiga. Utamwambia rudi wiki ijayo? Nimeshawahi kuvuna hivyo, sisemi uongo hapa. Na lebo yenyewe maandishi yake ni ya kusoma kwa lensi, wengi tunapima kwa kifuniko, bomba la lita 16 vifuniko viwili, kesi imeisha. Kuna wanaonunua dawa imemiminwa kwenye chupa ya maji, lebo hata haipo.

Na madalali wengine wanazitaka hizo zenye weupe, wanasema zinasafiri, hazichakai njiani.

Bintiwamjini
Kwahiyo mkulima unatuambia kwa mdomo wako mnatuua na mnajua?? Na nyie mnakula hizohizo?

Mkulima_Ilula
Dada umeuliza kwa hasira ila nakujibu. Kwangu kuna mstari wa mwisho karibu na nyumba, mke wangu aliukatalia bomba toka mtoto wa pili azaliwe. Tunakula hapo. Nimeona niseme kuliko kudanganya.

Bintiwamjini
Mmmh.

Mzawa_GZ
Wakuu nipo Guangzhou huku mwaka wa sita natuma mizigo. Masoko mengi ya mboga huku yana kijichumba cha kupima, asubuhi wanachukua mboga kwa wauzaji, majibu yanawekwa kwenye kioo pale mlangoni meza namba fulani mboga fulani imepita. Nilidhani ni mashine kubwa, siku moja nikasimama kuangalia, kumbe ni kadi ndogo ina vidonge viwili bapa, cheupe na chekundu.

Dada anakata mboga vipande vidogo, gramu 5, anatia kwenye kichupa na maji yao maalum, anatikisa mara 50 anahesabu kabisa, anadondosha matone kwenye kidonge cheupe anaacha dakika 10. Halafu anaikunja kadi chekundu kigusane na cheupe anaibana kwa vidole dakika 3 ipate joto la mwili. Akifungua, cheupe kikigeuka bluu mboga imepita. Kikibaki cheupe, mzigo unawekwa pembeni unapelekwa maabara. Kadi yenyewe bei ya kutupwa. Mama Nasra nikutumie boksi?

MzeeKemia
Mzawa umeeleza vizuri sana, hiyo ni kitu ya kweli. Kidonge cheupe kina kimeng'enya, kolinesterasi, kilekile kinachofanya kazi kwenye mishipa yetu ya fahamu na ya wadudu. Dawa za ukoo wa oganofosfati na kabameti zinaua mdudu kwa kukifunga hicho kimeng'enya. Kwa hiyo kama mboga ina dawa, kimeng'enya kinafungwa, kinashindwa kugeuza kile chekundu kuwa bluu. Ni kama umemuonjesha mdudu ukaangalia kama atakufa.

Ila mama Nasra usiagize kwa ajili ya nyanya. Kwanza nyanya yenyewe ikikatwakatwa maji yake yanavuruga kipimo, vitunguu, karoti, uyoga na figili hivyohivyo, unaweza kupata majibu ya sumu kwenye kitunguu kisicho na kosa. Pili inaona koo hizo mbili tu. Mankozebu haioni, zile dawa mpya za kunyonywa anazosema mkulima haioni, zenye jina la kuishia na thrini haioni. Tatu hata hizo inazoziona inaanzia karibu miligramu 0.3 mpaka 3 kwa kilo kutegemea na dawa, wakati maabara inatafuta 0.01. Kwa soko inafaa, inamkamata aliyepiga jana usiku. Tungekuwa nayo Ilala pale alfajiri matenga yakishuka ningefurahi. Kwa jikoni utajipa amani ya uongo tu.

Kamau_wa_Mwea
Wasee naingilia kidogo kutoka Kenya. Hii story ya siku za kusubiri sisi ilitupiga vibaya na mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ya kupeleka Ulaya. Mwaka 2012 walikuwa wanapata dimethoate, dawa ya wadudu, kwa mishiri na minji (njegere) kutoka kwetu, ikafika Januari 2013 wakaweka sheria ya kupima asilimia 10 ya mizigo yote ikifika kule. Sasa mzigo unashikwa airport mpaka majibu yatoke, na mishiri ni kitu ya siku chache, ikitoka hapo imekunjamana. Wakulima wadogo wengi waliachwa na makampuni sababu hakuna mtu anaweza fuatilia watu 500 wenye robo eka kila mmoja amepuliza nini na lini. Wale tulibaki tuliwekewa kitabu, unaandika dawa, tarehe, nani amepuliza, na hakuna kuchuma kabla tarehe ifike, mtu wa kampuni anakuja anasaini. Mkitaka kujua dawa iko ama haiko, kitabu ilisaidia kuliko mashine. Lakini hiyo ni mishiri ya mzungu. Nyanya ya kuuza Wakulima Market hakuna mtu ameniuliza kitabu hadi wa leo.

Mkulima_Ilula
Hapo Kamau umegusa mfupa.

Shangazi Kibaha
Sisi tunaloweka na chumvi na siki tunasema bismillah tunakula. Na nzi wakitua ujue haina dawa. Mnajisumbua tu na mamashine.

MzeeKemia
Shangazi shikamoo. Nzi wanaona mankozebu kama unga wa ngano, ni dawa ya ukungu sio ya wadudu, watatua na watacheza. Na dawa nyingine ikishakauka kiasi kinachozidi viwango vya chakula bado ni kidogo mno kumuangusha nzi.

Kuosha sasa. Maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono yanafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani, hasa kwa hizo za juu ya ganda, kusugua ndo dawa. Kama unataka na kitu cha kutia, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani 2017, walipaka matufaha dawa mbili wakaosha kwa maji, kwa klorini na kwa bakingi soda. Bakingi soda gramu 10 kwa lita moja ndo ilishinda, dakika 12 mpaka 15. Ya kwanza ilitoka asilimia 80, ya pili 96. Ile iliyobaki ilikuwa imeshazama kwenye ganda, moja ilikutwa kina cha sehemu themanini ukigawa milimita moja mara elfu, ndo maana haikutoka yote. Na ni bakingi soda ya kwenye maandazi, sio magadi ya makande.

Jambo moja muhimu kwa mama Nasra kwa sababu unamsagia mtoto: osha KABLA ya kupika. Mankozebu ikipata moto inageuka sehemu yake kuwa kitu kingine kinaitwa ETU ambacho kinasumbua tezi ya shingo, na Ulaya waliamua kuiondoa mankozebu mwishoni mwa 2020. Kwa hiyo ile ya kusema itaungua kwenye sufuria, hapana, kwenye sufuria ndo inabadilika jina. Menya kabisa za mtoto, mwagia maji ya moto ganda linavuka lenyewe.

Bintiwamjini
Na mtu akitaka kupima kweli anaenda wapi?

MzeeKemia
TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni Arusha, ndo TPRI ya zamani baada ya sheria ya 2020 kuunganisha, wanapima mabaki ya viuatilifu. Ila usibebe nyanya tatu kwenye mfuko wa rambo dada, utalipia kipimo cha nyanya ambazo ushazinunua, na kesho genge litashusha za shamba lingine. Kipimo kinamfaa mwenye mzigo, mwenye shamba au mwenye hoteli.

mamaNasra
Wakuu nimerudi. Nimefanya ya chumvi. Nyanya ilikuwa 58 kijani, nikanyunyizia chumvi dakika tano, nyekundu, namba zimepanda mpaka nikacheka peke yangu jikoni. Mume wangu akanipokonya akakichomeka kwenye glasi ya maji ya kisima, mnajua visima vya Dar vilivyo na chumvi, tukachagua tikiti, nyekundu. Kwa hiyo kisima chetu ni tikiti bovu.

Nimemuandikia aliyeniuzia, nikamueleza vizuri tu kuhusu chumvi, kasoma, kanibloku.

Mchicha tumeula jana na ugali. Bakingi soda nimeanza nayo, maji yanabaki na weupe chini ya beseni unaona kabisa, na za mtoto namenya. Asanteni mno, mzee Kemia Mungu akuzidishie.

Mkulima nina swali la mwisho, ule mstari wenu wa mwisho mnauzaga? Nina shemeji Iringa mjini anaweza kunipokelea.

Mkulima_Ilula
Huo hauuzwi mama Nasra. Mwaka huu tunagawana na kantangaze, yeye ndo anachukua kubwa, tunabaki na zile zenye vitobo tunakata tunatupa upande. Shemeji yako akipita mwezi wa tisa mke wangu atamfungia za kuonja.